Mwalimu na Nguo za Enzi ya Malkia

Watu wa Kitale wakimkumbuka Mwalimu wanaanza na nguo, na mimi nitaanza hapo hapo kwa sababu nguo hizo nilizishona mimi. Alizaliwa lini na ni wa ukoo gani sijui, na hata ningejua nisingeandika. Yeye mwenyewe ukimuuliza alikuwa anasema mambo ya ukoo ni ya ng'ombe anayeuzwa. Ninachojua ni kwamba alifundisha historia na Kiingereza shule za upili huko Bungoma mpaka akastaafu, akaja kupanga nyumba ya mabati mekundu nyuma ya soko la Kitale, na akaamua miaka iliyobaki ataiishi kama mwanamke wa Uingereza wa wakati wa Malkia Viktoria.

Mimi huyo malkia nilikuwa namjua kama jina la ziwa. Niliishia darasa la sita, kwa hivyo ukikuta sentensi imepinda, iache ipinde.

Siku ya kwanza alifika kwa veranda niliyokuwa nimeweka cherehani yangu, akanionyesha picha kwa simu. Mwanamke wa kizungu amesimama kando ya kiti, kiuno kama cha nyigu, sketi imefura kama hema la mkutano wa injili, vifungo vimepanda mpaka chini ya kidevu.

"Unaweza hii?" akaniuliza.

"Mwalimu, hii ni nguo ama ni nyumba?"

"Ni vyote viwili. Unaweza, ama niende kwa yule kijana anashona suti?"

Nikasema naweza. Njaa husema naweza kabla ya mdomo. Lakini ile nguo ilinitoa jasho, bana. Kumbe ndani yake kuna nguo zingine ambazo hazionekani na ndizo zinafanya kazi yote. Kibana kiuno kilitaka mifupa ya kukisimamisha. Zamani walikuwa wanatumia mfupa wa nyangumi, na Kitale utampata wapi nyangumi? Nikatumia zile kamba ngumu za plastiki zinazofungia belo za mitumba. Nilizikata, nikachoma ncha zisitoboe ngozi, nikazishonea katikati ya turubai mbili. Sketi tuliifurisha kwa paipu nyembamba ya maji iliyokunjwa pete pete, kubwa chini, ndogo juu. Lesi tulitoa kwa mapazia ya mtumba. Na kuna fasheni moja ya baadaye ya kufunga mto mdogo nyuma ili makalio yaonekane. Hiyo nilimwambia wazi, wanawake wa Bungoma tuongezwe nyuma ya nini tena? Alicheka mpaka akashika mlango.

Kushona hakujua, hata kifungo. Alijua tu vile inafaa kuwa, na alijua kulaumu. Angesimama nyuma yangu na miwani kwa ncha ya pua akisema mshono huo haukuwepo mpaka malkia amezeeka, fumua. Nafumua. Kesho yake anarudi na kusema nimekosea mimi, rudisha. Hakuona haya kukubali kosa, lakini kulipia uzi wa pili hakutaka. Alikuwa mkono birika, Mungu anisamehe, na bado ninampenda.

Kitu kimoja ambacho hakuwahi kuniacha nikisahau ni mfuko. Kila gauni lazima liwe na mfuko mkubwa ndani ya sketi, umefichwa kwa mshono, mkono unaingia mpaka kiwiko. Alinieleza kwa nini. Wakati ule, mwanamke wa Uingereza akiolewa, kila kitu chake kilikuwa cha mume, nyumba, shamba, hata kile anachopata kwa jasho lake, mpaka sheria ikaja kubadilishwa malkia akiwa mtu mzima. Mfuko ndio ulikuwa nchi yake peke yake. Nilimwuliza kama mume akifa vitu vinarudi kwa mke. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mara nyingi vinaenda kwa ndugu," akasema. "Kwani umesikia hadithi hiyo mahali?"

Nikainamia cherehani.

Mji ulimzoea polepole. Watu wa bodaboda walimwita Malkia. "Sasa Malkia, tulete gari la farasi?" Naye alikuwa anawajibu kwa adabu zote, kisha kwa Lubukusu, lugha ya kwetu, neno moja ambalo siwezi kuliandika. Siku moja alipanda pikipiki na ile sketi ya paipu. Upepo ukaingia chini, sketi ikapanda yote mbele, mwenye pikipiki haoni barabara, anapiga kelele kwamba anakufa ndani ya nguo ya mama ya watu. Wakasimama karibu na soko. Mwalimu akaingia kwa choo cha hoteli, akatoka amevua zile pete, amezibeba begani. Mfanyabiashara wa kuku akamkimbilia kumuuliza hicho kizimba anauza pesa ngapi. Akamjibu bila kucheka kwamba kizimba hicho ni cha kuku mmoja tu, na kuku mwenyewe ni yeye.

Alikuwa na kundi lake kwa simu, watu wa nchi za mbali wanaopenda enzi hiyo kama yeye, wanaonyeshana kofia na glavu. Wengine walimkaribisha. Mmoja aliandika kwamba Mwafrika hana haki na nguo hizo kwa sababu wakati huo Waafrika hawakuwepo. Mwalimu akamtumia picha za kale za watu weusi waliokuwa wakiishi Uingereza ya malkia, wamevaa hizo hizo nguo, wamekaa kwa viti hivyo hivyo. Picha moja leo, nyingine kesho, bila neno, mpaka yule mtu akatoka kwa kundi. Aliniambia alimfukuza vile maji hufukuza siafu, taratibu.

Alikuwa na siku yake ya kupokea wageni, Alhamisi baada ya saa tisa. Kanuni zilikuwa nyingi. Mgeni havui kofia, hakai sana, hazungumzi ugonjwa wala pesa. Ukienda kwa mtu usimkute unaacha kadi yenye jina lako, umekunja kona kuonyesha ulikuja kwa miguu yako mwenyewe. Mama Njeri, aliyekuwa akiuza viazi meza ya pili kutoka kwangu, aliachiwa kadi hizo mpaka akawa anazitumia kukingia mguu wa meza unaoyumba. Tulikuwa tunaenda Alhamisi kwa ajili ya kucheka, tunapewa chai kwa vikombe vyembamba na mkate uliokatwa pembe, umewekwa tango ndani. Mama Njeri aliuangalia mkate wake mbele na nyuma, akauliza mwingine umeenda wapi. Wakati wa kutoka ukifika, kwa kanuni, Mwalimu mwenyewe anasimama anafunga mlango na sisi bado ndani.

"Hiyo ilikuwa adabu," anasema. "Sasa tule."

Na anatoa ugali na kunde na samaki wa kukaushwa, na tunakaa mpaka giza. Hakuwahi kumtoa mtu kwake na tango peke yake. Huko kushindwa kwake kufuata kanuni zake mwenyewe ndiko kulimfanya awe mtu wetu.

Jumamosi alituletea hadithi. Alikuwa na vitabu vya enzi hiyo, vizee, vinanuka kama sanduku la nguo za nyanya yangu, na alitusomea pale verandani huku akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na akikasirika kuwa Lubukusu. Alitueleza kwamba wakati wa malkia hadithi zilikuwa zinatoka kipande kwa kipande, watu wakae mwezi mzima wakingoja, basi na sisi tungoje wiki. Anafika mahali mwanamke ameshika kitasa cha mlango, na ndani kuna mtu anapumua, anafunga kitabu. Mama Njeri alikuwa anamtukana. Kuna Jumamosi alikataa kumuuzia viazi mpaka aambiwe ni nani anapumua.

Kulikuwa na hadithi moja ya mjane aliyetolewa kwa nyumba na shemeji yake. Kitabu hicho kilikuwa kimegawanywa mara tatu kama desturi ya wakati huo, na sehemu ya tatu ilikuwa imeliwa na mchwa miaka mingi iliyopita. Mwalimu hakutuambia. Alifika pale sehemu ya pili inaishia, akaendelea kusoma kutoka kwa jalada tupu, na sisi hatukujua. Tulipoona shemeji ameomba msamaha na mjane amemkubalia, nilisimama. Nilimwambia huo ni uongo. Shemeji haombi msamaha. Nikamwambia Barasa hajaniomba, na Rosa hajaniomba, na hao wazungu wake hawawezi kuwa bora kuliko watu ninaowajua.

Mwalimu akafunga jalada. "Ni kweli," akasema, "hiyo nimeitunga. Barasa ni nani?"

Basi nikamwambia, na hapa nitaandika, na majina nitayaweka kwa sababu wenyewe hawakuona haya.

Nilikuwa nimeolewa Chwele. Mume wangu, baba Nekesa, alikuwa mtu wa kununua mahindi sokoni na kuyauza, mpole, mkohozi. Kikohozi kikammaliza. Mwili ulipokuwa bado njiani kutoka mochari, kaka yake Barasa alisimama mbele ya watu na kusema ni mimi nimemmaliza kwa dawa ya kutoka kwetu Malakisi. Hakuna mtu alicheka. Mzee wa mtaa, Makokha, ambaye alikuwa amekula kwangu Krismasi, aliangalia viatu vyake. Barasa akaniambia nitoke kabla mwili haujaingia, nisije nikaukanyagia kivuli. Nikashika mlango wa nyumba yangu. Jikoni walikuwa wakipika chakula cha waombolezaji, na Rosa, mke wa Barasa, alikuwa na sufuria ya maji ya ugali yamechemka. Aliyamwaga kwa mkono wangu ulioshika mlango. Nikauachilia.

Nashukuru binti yangu Nekesa alikuwa Malakisi kwa mama yangu. Mume wangu walimzika mimi nikiwa kwa zahanati nafungwa bandeji. Sikumuona akishuka. Sikulia kwa kaburi lake, sikukaa kwa mkeka, sikunyolewa nywele, sikuambiwa na mtu pole. Shamba walilichukua, sawa, mashamba yamechukuliwa na wengi. Lakini kilio changu kilikatikia kooni na kikabaki hapo hapo. Nilikuja Kitale nacho.

Mwalimu alikuwa ameshauona mkono wangu. Mimi na yeye tulikuwa kipimo kimoja, kwa hivyo nguo zake nilikuwa najaribu mwilini mwangu, na siku ya kwanza kabisa aliona lile kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Hakuuliza. Aliniambia tu enzi hiyo mikono ya nguo ilikuwa mirefu mpaka hapa, akagusa kifundo cha mkono, basi na wewe jishonee moja. Nilifikiri ni fasheni.

Alipomaliza kunisikiliza, alinieleza jinsi wenzake wa zamani walivyolia. Mjane alivaa nyeusi isiyong'aa hata kidogo, kitambaa kizito kinachomeza mwanga. Muda ukipita anaruhusiwa lesi. Kisha kijivu. Kisha zambarau iliyofifia. Kisha anarudi kwa watu. Kila mtu barabarani akikuona anajua umefika wapi na kilio chako, hakuulizi kwa nini huchekicheki. Nikamwambia sisi tuna siku chache, halafu watu wanakaa chini kugawa vitu.

"Wewe hata hizo chache hukupewa," akasema. "Shona nyeusi."

"Nivae nguo ya kizungu nimlilie mtu wa Chwele?"

"Ya kwenu walikunyima. Vaa ya yule aliyekuwa nayo."

Niliishona. Nilitafuta kitambaa kwa mitumba wiki nzima, nikapata makoti ya wazee ya sufu nyeusi, nikayafumua. Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijifanyia mwenyewe. Lakini Mwalimu alikuwa na sharti. Alisema kilio kinaanza kaburini, na nguo hiyo siku yake ya kwanza kuvaliwa iwe kwa kaburi la baba Nekesa. Hapo nikakwama. Nilikuwa nangoja Barasa afe kwanza. Hakufa, watu kama hao hukaa. Gauni likaning'inia nyuma ya mlango wangu mpaka Nekesa akawa mtu mzima na kuolewa Kimilili.

Sasa niseme kile ambacho watu wengi hawakumuelewa Mwalimu, hata mimi mwanzo.

Kijana mmoja wa chuo kikuu alimkuta sokoni akamwambia mbele ya watu kwamba anavaa bendera ya waliotutawala. Alisema kwa heshima, alimwita mama. Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, mimi hawa nimewasoma mpaka nguo zao za ndani. Wewe umewasoma wapi?" Watu wakacheka, kijana akacheka pia. Lakini hakumwachia. Akauliza, na mashamba ya hapa Kitale je? Mwalimu akamrekebisha kama yuko darasani. Waliochukua mashamba ya hapa walikuja malkia ameshakufa, usimlaumu kwa ya wajukuu, mlaumu kwa ya kwake.

"Ya kwake ni gani?"

"Panda Chetambe uone."

Yule kijana sijui kama alipanda. Mimi nilipandishwa. Mwalimu alikuwa anaenda mlima wa Chetambe kila mwaka na hakuwa anasema kwa mtu. Mwaka huo akaniambia nifunge cherehani, tunaenda Webuye. Alivaa nyeusi yake, ile nzito, kofia yenye pazia, glavu, mwavuli mweusi. Tulipanda mlima ule polepole kwa sababu ya kibana kiuno, kila mara anasimama anapumua kama kuku wa kiangazi, nami nikimwambia afungue angalau kamba mbili. Alikataa. Aliniambia nguo ikikubana ndiyo unakumbuka una mwili, na wale wa juu walikuwa na miili.

Huko juu ni nyasi na upepo, na chini unaona mji wa Webuye na mto. Ukiangalia vizuri unaona ardhi imeinama mahali ambapo handaki la ngome lilikuwa. Hapo ndipo Wabukusu walijifungia, na wanajeshi wakaja kwa jina la malkia, na bunduki ya kumwaga risasi, wakawaua. Mwalimu alikuwa amefundisha hiyo miaka yote ubaoni. Alisimama ukingoni, akavua glavu, akaziweka mfukoni.

Mwanamke aliyekuwa anakata nyasi alitukaribia. Akatuangalia juu mpaka chini, akauliza tumepoteza nani.

"Wengi," Mwalimu akamwambia.

"Lini?"

"Wakati wa babu za babu."

Nilidhani atacheka. Alishusha mzigo wake wa nyasi chini, akasema, "Basi poleni," na akasimama na sisi.

Tukiwa njiani kushuka ndipo Mwalimu aliponiambia maneno niliyoyashika mpaka leo. "Malkia alimlilia mume mmoja mpaka uzeeni, na nchi nzima ikavaa nyeusi pamoja naye. Hawa walikufa kwa jina lake na hakuna kwake aliyevaa hata utepe. Sasa mimi navaa. Navaa ile ile yake, apende asipende."

Kisha akaniuliza yangu bado iko nyuma ya mlango? Nikachukua mwavuli wake, nikatangulia kushuka.

Miguu ndiyo ilimwondoa Kitale. Ilivimba, ngazi tatu za nyumba ya mabati mekundu zikamshinda, mpwa wake akaja na pikapu akampeleka kwake Bungoma. Siku ya kuhama Mama Njeri alimpa gunia la viazi, naye akaacha kadi, amekunja kona. Veranda ilikaa kimya. Jumamosi wanawake walikuwa wanakuja bado, wanakaa, hakuna wa kusoma. Mama Njeri alijaribu kututungia hadithi yake, lakini watu wote kwa hadithi hiyo walikuwa wanauza viazi.

Nilienda kumtembelea Bungoma mwaka jana, mvua zikianza. Nilimkuta kitandani kwa chumba cha mbele, amevaa leso na sweta kama nyanya yeyote, na nikashtuka kuliko ningemkuta uchi. Amekuwa mdogo. Vitabu vimepangwa chini ya kitanda juu ya matofali, mchwa wasifike. Mpwa wake alituletea chai kwa vikombe vya plastiki, Mwalimu akaiangalia chai hiyo kwa huzuni, akainywa.

Tuliongea ya soko. Tulicheka kizimba cha kuku. Halafu akaniambia anataka gauni la mwisho.

"Nyeusi ipi tena, Mwalimu?"

"Nyeupe. Malkia alivaa nyeusi tangu afiwe, lakini aliacha amri azikwe kwa nyeupe, na shela la harusi yake. Mimi sikuolewa, shela sitaki. Gauni tu."

Nikatoa futi yangu ya kupimia, maana sikujua kufanya kingine. Akanishika mkono, ule wenye kovu.

"Bado," akasema. "Nenda Chwele kwanza. Mimi sitavaa nyeupe na fundi wangu hajavaa nyeusi."

Nikamwambia hiyo si haki, yeye ni mgonjwa, tusicheze na siku. Nikamwambia Barasa bado yuko. Akageuza uso kwa ukuta.

"Basi nizikwe na sweta," akasema.

Alijua anachofanya. Nilirudi Kitale na hasira, nikamsema njia nzima. Nikakaa siku kadhaa nikishona nguo za shule za watu, na kila nikiinua kichwa naiona ile nyeusi nyuma ya mlango. Mwishowe niliishusha, nikaipiga pasi, nikaivaa. Ilikuwa imenibana kidogo, miaka imeniongeza. Nikafunga vifungo mpaka kidevuni, nikafunga na vile vya mikono.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Watu waliniachia njia wakidhani ni mtawa. Nilipita kati ya ng'ombe na mahindi nikashuka kile kijia ninachokijua hata nikifumba macho. Nyumba yangu haipo, kuna kibanda cha kuku. Kaburi lilikuwa chini ya migomba, halina msalaba, wamelima mpaka ukingoni, na mizizi ya migomba imelipanda kifua baba Nekesa. Nikasimama hapo.

Rosa ndiye alitoka kwanza. Amezeeka vibaya. Aliniita sista, akaniuliza nimetoka parokia gani, kisha akaniangalia usoni, akanijua. Akarudi ndani. Barasa akatoka na fimbo, mguu mmoja umefungwa vitambaa. Hakunisalimu.

"Umekuja kudai shamba?" akaniuliza.

"Leo nimekuja kulia," nikamwambia. "Shamba nitakuja kulidai siku nyingine, na nguo nyingine."

Aligonga fimbo yake chini. Nilimpa mgongo. Na kilio kikatoka. Sitaeleza kilivyotoka. Nilipiga magoti kwa matope, nikalia kama mtu aliyefiwa asubuhi hiyo, na majirani wakaanza kuja mmoja mmoja kusimama kwenye ua, kwa sababu kwetu kilio kikilia watu huja, hata wasipojua cha nani. Mama mmoja mzee aliyenikumbuka akaanza kulia nami, akamtaja mume wangu kwa jina. Sikuwa nimelisikia jina hilo kwa mdomo wa mtu miaka yote hiyo. Barasa msamaha hakuomba, na mimi sikumpa, na shemeji anayeomba msamaha yuko tu kwa lile jalada tupu walilobakisha mchwa.

Nilipoinuka, Rosa alinijia na kikombe cha maji ya kunywa. Niliangalia kwanza kama kinatoa mvuke. Sikukunywa.

Kutoka hapo sikurudi Kitale, nilienda Bungoma moja kwa moja na matope yangu. Mpwa wake alinifungulia akarudi nyuma hatua. Mwalimu alikuwa ameketishwa kwa mito. Aliniangalia muda mrefu, kama vile alivyokuwa akikagua kazi yangu, akitafuta kosa.

"Ilikaaje?"

"Mabega ilikaa vizuri. Kiuno imenibana."

"Matope yaliingia kwa upindo?"

"Yaliingia."

"Usiufue," akasema. "Haya, leta futi."

Nikampima. Alikuwa amebaki mifupa, nikamwambia safari hii hatuhitaji kamba za belo, akacheka akakohoa. Hataki kibana kiuno, hataki paipu. Kola ndefu, mikono mirefu, vifungo vya kufunikwa kitambaa. Nilipokuwa nakunja futi akaniuliza kama nitamwekea mfuko.

"Mwalimu, huko mtu anaweka nini mfukoni?"

"Wewe weka. Mkubwa. Cha kuweka nitajua nikifika."

Gauni lilimalizika kabla ya Krismasi. Nimeliweka kwa veranda yangu, limening'inia juu ya cherehani ndani ya plastiki, kwa sababu mpwa wake anasema likikaa Bungoma Mwalimu atataka kulivaa kila siku. Mimi niko nyeusi, lesi bado sijafika. Wasichana wanaoolewa wakipita wanasimama, wanauliza gauni hili la harusi ni pesa ngapi, linakodishwa? Mmoja juzi aliingiza mkono ndani, akaupata ule mfuko, mkono ukazama mpaka kiwiko, akashangaa.

Nawaambia haliuzwi, lina mwenyewe. Wananiuliza mbona hajaja kulichukua. Nawaambia hana haraka, na mimi pia sina.